Kamioneti ya Zamani na Mashahidi Wake

Mtu akikaa mjini Butembo kwa juma moja tu, ataona kwamba gari halifi upesi katika nchi yetu. Kamioneti ambayo huko Ulaya ingekuwa imekwisha kutupwa zamani, au kuwekwa katika nyumba ya makumbusho, hapa kwetu bado yapanda milima alfajiri, imejaa viazi, kabichi na vitunguu, na abiria wameketi juu ya magunia. Rangi yake imebadilishwa mara tatu. Mlango wa kushoto umetoka katika gari jingine. Kiti kimeshonwa upya. Na injini je? Hapo ndipo lilipo swali letu la juma hili.

Swali hilo hatukulitunga sisi. Lilitujia kutoka kwa akina mama wa parokia moja ya Butembo, wakulima wote, ambao kwa miaka minne walikuwa wakiweka akiba kidogo kidogo kila Jumapili baada ya Misa. Nia yao ilikuwa kununua kamioneti yao wenyewe, ili wasiendelee kukodi magari ya watu kwa kupeleka mazao sokoni, na tena wapate chombo cha kumkimbiza hospitali mama anayeshikwa na uchungu usiku. Wakasikia kwamba iko Toyota ya zamani inayouzwa Beni. Mwenye kuiuza aliwaambia kwa simu kwamba injini yake ni ile ile iliyotoka nayo kiwandani, haijapata kubadilishwa. Na kwa ajili ya neno hilo moja aliongeza bei.

Mwenyekiti wao alikuja kwetu, akaketi, akasema: “Ndugu zangu, sisi twajua kupima viazi. Mtu akitutilia kilo pungufu, mikono yetu yatuambia. Lakini neno la mtu juu ya injini tutalipima kwa mizani gani?”

Tuliona kwamba swali hili ni la haki, na tena si la akina mama hawa peke yao. Basi tukafuatana nao, pamoja na fundi mmoja mzee ambaye amefungua injini tangu ujana wake, na mwanafunzi wa shule ya ufundi aliyepewa kazi ya kushika tochi na kuandika. Haya ndiyo tuliyoyaona na kujifunza.

KWA NINI KUULIZA?

Labda msomaji mmoja atasema: “Gari likitembea, yatosha. Injini ikiwa ya asili au si ya asili, mimi yanihusu nini?” Yakuhusu, ndugu, kwa sababu nne.

Ya kwanza ni vipuri. Mwenye gari akienda dukani kununua gasketi au pistoni, muuzaji humwuliza aina ya gari. Yeye hujibu kwa jina lililoandikwa juu ya gari lake. Ikiwa injini iliyomo ndani si ile ya jina hilo, atarudi nyumbani na kipande kisichoingia, na fedha zimekwisha toka. Duka likiwa Kampala au Dubai, hasara yake ni juu ya majuma, si juu ya siku.

Ya pili ni sheria. Injini ina namba yake yenyewe, mbali na namba ya shasi. Injini iliyotolewa katika gari la wizi hubeba namba ya gari lile kama mtu abebavyo alama ya kidonda. Anayeinunua bila kuuliza aweza kusimamishwa barabarani na kuulizwa maneno asiyokuwa na jibu lake.

Ya tatu ni usalama. Injini nzito au yenye nguvu kupita ile ya kwanza, ikifungwa juu ya vishikio dhaifu, hutikisika, hukata mabomba, na yaweza kuyashinda mabreki. Nasi twajua barabara zetu. Tangu mwaka 2014 nchi ya Beni imeona mauaji mengi, na njia za kwenda Eringeti na Kasindi zimepoteza watu na magari. Mahali pengine gari kuzimika jioni ni usumbufu tu. Kwetu kuna barabara ambazo humo ni hatari ya roho.

Ya nne ni haki, nayo ndiyo mama wa hizo nyingine. Mtu aliyeomba bei kubwa kwa ajili ya neno, neno lake na liwe la kweli.

HEKIMA YA DANIELI

Tulipokuwa njiani, yule fundi mzee alitukumbusha habari ya Susana katika kitabu cha nabii Danieli. Wazee wawili walimshitaki mwanamke asiye na kosa, na watu wote wakawaamini, maana walikuwa watu wa heshima na maneno yao yalipatana. Kijana Danieli hakubishana nao. Aliwatenga tu, kisha akamwuliza kila mmoja peke yake: ulimwona chini ya mti gani? Huyu alitaja mti mmoja, mwenzake akataja mwingine. Na papo hapo uongo ukaanguka.

“Na gari,” alisema mzee, “huulizwa vivyo hivyo. Msimsikilize mwenye kuuza tu, wala msilisikilize gari kwa jumla. Kila kipande kiulizeni peke yake, kisha mtazame kama maneno yao yanapatana.”

Twashukuru kwa mfano huo, maana ndio ufunguo wa kazi yote. Hakuna alama moja katika gari ambayo peke yake yatosha kuthibitisha kwamba injini ni ya asili. Sahani yaweza kuhamishwa, namba yaweza kufutwa, karatasi zaweza kuandikwa upya. Lakini kuwapatanisha mashahidi wote katika uongo mmoja ni kazi ngumu sana.

Kutoka Butembo mpaka Beni ni kilometa 54 hivi. Tulipita Maboya na Kabasha, tukaacha baridi ya milimani na kushuka katika joto la nchi ya kakao. Kamioneti tuliikuta imesimama chini ya mwembe, imeoshwa vizuri, Land Cruiser ya rangi ya mchanga, ya umbo lile la zamani ambalo kiwanda kiliacha kulitengeneza mwaka 1984. Mwenyewe alikuwa mtu wa makamo, mpole, ambaye aliirithi kwa marehemu baba yake. Akatukaribisha, akatuletea viti, akasema tena: “Mama zangu, moteri hii ni ya asili. Tangu utoto wangu naiona humu.”

SHAHIDI WA KWANZA: SAHANI

Fundi alifungua kifuniko cha injini, akaangaza tochi juu ya ukuta wa chuma ulio kati ya injini na chumba cha dereva. Hapo, katika Toyota za aina hii, hupigiliwa sahani ndogo ya bati. Kabla ya kuisoma alizitazama kwanza ribiti zinazoishika. Zilikuwa za zamani, zenye vumbi na rangi moja na ukuta. Kama zingekuwa mpya, au kama sahani ingeshikwa na skrubu, tungekuwa na sababu ya kuuliza imetoka wapi.

Juu yake tulisoma: FJ45.

Msomaji mpenzi, jifunze kusoma herufi hizi, maana zina maana kubwa. Katika Land Cruiser, herufi J ndiyo jina la ukoo wa gari. Herufi inayoitangulia ndiyo jina la ukoo wa injini. F ni injini ya esanse. B ni injini ya mazutu yenye silinda nne. H ni injini ya mazutu yenye silinda sita. Kwa hiyo FJ45, BJ45 na HJ45 ni ndugu watatu wa sura moja, lakini kila mmoja alizaliwa na moyo wake. Katika magari yaliyofuata herufi ziliongezeka, kama HZJ75, ambayo injini yake huitwa 1HZ. Lakini kanuni ni ile ile.

Hata Hilux ina desturi hiyo. Herufi N ndiyo ukoo wa gari. RN na YN ni za esanse, LN ni ya mazutu. Lakini hapa yafaa kuangalia sana, maana ukoo wa L una watoto wengi wanaofanana: L ya kwanza ilikuwa na ujazo wa lita 2.2, 2L ina lita 2.4, 3L ina lita 2.8, na 5L ina lita 3. Mtu aweza kutoa 2L na kutia 3L, na herufi ya sahani ikabaki kuwa ya kweli nusu tu.

Mwanafunzi wetu aliandika katika daftari lake: “Sahani yasema F. Esanse.” Kisha akainua macho, akaitazama injini, akanyamaza. Hata yeye alikuwa ameona jambo. Fundi akamwashiria asiseme bado.

SHAHIDI WA PILI: SHASI

Huenda sahani imetoka katika gari jingine. Basi tukaiuliza shasi. Katika Toyota hizi namba ya shasi hupigwa juu ya chuma chenyewe cha upande wa kulia, mbele, karibu na gurudumu. Ilifunikwa kwa tope gumu na mafuta ya miaka mingi. Mzee hakutumia patasi wala jiwe la kusagia. Alitumia mafuta ya taa, brashi na uvumilivu, maana anayekwangua namba aweza kuiharibu, na baadaye ataonekana kama mwizi ingawa hana kosa.

Namba ikatokea, ikianza na FJ45, nayo ilipatana na sahani tarakimu kwa tarakimu. Basi tulijua kwamba gari ni gari lile lile. Si magari mawili yaliyounganishwa, wala sahani si ya kuazima. Tukafurahi kwa ajili ya mwenye kuuza.

SHAHIDI WA TATU: INJINI YENYEWE

Sasa tukaigeukia injini. Mtu hahitaji kuwa fundi ili kuutambua ukoo wa F na ukoo wa H. Injini ya esanse ina kabureta, ina buji na nyaya zake nene zinazotoka katika kigawa-moto. Injini ya mazutu haina hivyo. Ina pampu ya kusukuma mazutu, na mabomba membamba ya chuma yanayokwenda kwa kila silinda. Kuhesabu silinda kusingetusaidia, maana F na H zote mbili zina sita.

Mbele yetu hapakuwa na kabureta. Palikuwa na pampu na mabomba sita.

Namba ya injini hupigwa mahali palipolainishwa ubavuni mwa injini, na kila ukoo una mahali pake, ambapo kitabu cha kiwanda huonyesha. Tulipopasafisha tukasoma 2H, kisha kistari, kisha namba. Hiyo 2H ni injini ya mazutu ya lita 4 kasoro kidogo, injini ngumu ambayo madereva wa Afrika nzima waliipenda.

Fundi hakuridhika na kusoma tu. Akakitazama kwa makini kile kipande kilicholainishwa. Akatueleza kwamba mashine ya kiwanda huacha mikwaruzo myembamba inayokwenda upande mmoja, kama mistari ya daftari. Mtu akifuta namba kwa jiwe la kusagia, mistari hiyo hupotea, na mahali pale hubonyea kidogo au hung’aa kupita jirani zake. Mtu akipiga namba mpya kwa nyundo, tarakimu moja huinama, nyingine huzama, na umbo la 3 au la 7 si lile la kiwanda. Rangi mpya juu ya namba tu, wakati injini nzima ina kutu, ni alama nyingine ya kutia shaka. Hata hivyo namba iliyofutwa haipotei kabisa. Pigo la kwanza huukandamiza mpaka moyo wa chuma, na wapelelezi wa polisi katika nchi nyingi hutumia dawa kali kuirudisha ionekane.

Hapa hapakuwa na uharibifu wowote. Namba ilikuwa safi. Injini hii haikudanganya. Ilisema wazi kwamba jina lake ni 2H. Lakini sahani na shasi zilikuwa zimesema F.

SHAHIDI WA NNE: MIAKA

Mwenye gari alikuwa ameanza kukunja uso. “Labda,” akasema, “kiwanda chenyewe kiliitia humu.”

Ni hoja nzuri, nayo yastahili jibu. Mzee akamwomba karatasi za zamani. Katika bahasha ya plastiki mlikuwa na karatasi ya kununulia, imechanika penye mikunjo, lakini mwaka wake ulisomeka: 1978. Wakati ule nchi yetu iliitwa Zaire. Lakini kiwanda cha Toyota kilianza kutia injini ya 2H katika magari yake mwaka 1980. Je, mtoto aweza kuwa mkubwa kuliko mama yake? Gari lililouzwa mwaka 1978 halikuweza kutoka kiwandani na injini ambayo ilikuwa bado haijazaliwa.

Shahidi huyu wa miaka ni mwenye nguvu sana, maana hahongeki. Na si injini peke yake yenye tarehe. Mikanda ya usalama mara nyingi ina kibandiko cha mwaka. Vioo vina alama zake. Vipande vingi vya chuma cha kuyeyusha huwa na tarehe iliyomiminwa pamoja navyo. Kila kipande cha asili chapasa kiwe kimetengenezwa kabla ya gari kukamilika, tena si kabla kwa muda mrefu mno.

WENZETU WA MBALI HUFANYAJE?

Huko Marekani wako watu wengi wanaohifadhi kamioneti za zamani, nao huulizana swali hili hili. Katika Chevrolet za miaka ya 1950 na 1960, tarehe ya kuyeyushwa kwa chuma ilimiminwa katika mwili wa injini kwa herufi na tarakimu: A ni Januari, B ni Februari, na kuendelea mpaka L ambayo ni Desemba, kisha siku, kisha mwisho wa mwaka. Namba nyingine iliyopigwa kwa muhuri huonyesha kiwanda na siku injini ilipounganishwa. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, kampuni hiyo ilianza kupiga juu ya injini sehemu ya namba ya gari lenyewe. Na hapo kazi ya mchunguzi ikawa rahisi zaidi.

Wenye Land Rover za zamani wana bahati nyingine. Huko Gaydon, Uingereza, nyumba ya makumbusho ya magari ya Waingereza inahifadhi madaftari ya kiwanda, na kwa malipo hutoa hati inayotaja injini ambayo gari lilitoka nayo. Ni kama daftari la ubatizo katika parokia zetu: hata mtu akibadili jina ukubwani, jina la kwanza limeandikwa na halifutiki.

Watu hao hulipa fedha nyingi kwa ajili ya gari lisilobadilishwa, maana wao hutafuta kumbukumbu. Habari hiyo imefika mpaka kwetu, na ndiyo iliyomfanya rafiki yetu wa Beni aongeze bei.

SHAHIDI WA TANO: MIKONO YA MAFUNDI

Turudi chini ya mwembe. Ingawa neno lilikuwa limekwisha kuwa wazi, mzee alitaka mwanafunzi aone yote. Akamwonyesha vishikio vya injini. Vile vya kiwanda hufanana kulia na kushoto, na kingo zake zimenyooka. Hivi vilikuwa vimechomelewa kwa mkono, kwa ustadi, lakini kwa mkono. Mishono ya moto ilionekana kama shanga. Kando ya injini palikuwa na matundu mawili ya skrubu yasiyoshika kitu. Hapo ndipo ilipokaa bobini ya kuwashia esanse. Bomba la moshi nalo lilikuwa limekatwa na kuungwa ili lifuate njia mpya. Na waya nene wa kupashia moto buji za mazutu ulipita katika tundu lililotobolewa kwa mkono, lisilo na mpira wa kulinda.

“Fundi aliyefanya kazi hii,” akasema mzee, “alikuwa mtu mwangalifu. Hakuficha kitu. Sisi tu hatukuuliza.”

SHAHIDI WA SITA: MAMA MJANE

Mwenye gari alisimama kimya. Tuliona kwamba si mwongo. Ni mtu aliyeambiwa jambo kwa bei ambayo hakuielewa. Mwenyekiti wa akina mama, ambaye mpaka hapo alikuwa hajasema neno, akamwuliza kwa upole: “Mwanangu, mama yako angali hai?”

Alikuwa hai, yumo ndani ya nyumba, mzee wa miaka mingi. Akatoka polepole, akaegemea fimbo, akasalimiana na wote. Alipoelezwa habari, akacheka kidogo. “Lakini hiyo moteri marehemu aliibadilisha,” akasema. “Huyu alikuwa angali mtoto mdogo. Esanse ilikuwa imekuwa taabu, tena ile ya kwanza ilikunywa kama ng’ombe. Marehemu aliuza kahawa ya msimu mzima akaleta hii ya mazutu. Karatasi yake ipo.”

Akarudi ndani, akatoka na kitabu chake cha sala. Katikati ya kurasa mlikuwa na stakabadhi iliyokunjwa mara nne, ya mwaka 1986, yenye namba ya injini. Mwanafunzi akaisoma kwa sauti, tarakimu moja moja, na mzee akaifuata kwa kidole juu ya chuma. Zilipatana zote.

Wasomaji, hatujapata kuona watu wakifurahi namna ile kwa kupata habari kwamba injini si ya asili!

INJINI ILIYOBADILISHWA SI AIBU

Maana sikilizeni sasa jambo la ajabu. Akina mama wale hawakuhitaji kumbukumbu. Walihitaji chombo cha kazi. Kwa mwenye kukusanya magari, injini ya esanse ya asili ina thamani kubwa. Kwa mkulima wa milimani, injini ya mazutu iliyo nzima ni bora kuliko ile ya kwanza. Kwa hiyo neno lile “ya asili”, ambalo kwalo bei iliongezwa, lilikuwa si kweli. Na ile kweli, ambayo mwenyewe hakuijua, ilikuwa na faida zaidi kwa wanunuzi wake!

Tena stakabadhi ile ilifanya kazi tatu kwa mara moja. Ilionyesha kwamba injini haikuibwa. Iliwaambia akina mama kwamba wakienda dukani wasiseme FJ45, bali waseme 2H. Na iliwapa njia ya kwenda katika ofisi ya kuandikisha magari, mabadiliko yaandikwe katika karatasi zao, wasije wakasumbuliwa barabarani.

Walakini mzee alitukumbusha kwamba injini kujulikana ni jambo moja, na injini kuwa na afya ni jambo jingine. Aliigusa kwa mkono kuhakikisha kwamba ni baridi, kisha akaiwasha. Maana muuzaji mjanja huipasha moto kabla ya wageni kufika. Akatazama moshi: mweusi kidogo wakati wa kukanyaga si jambo la kutisha, bali wa buluu usiokoma huonyesha kwamba inakula mafuta yake. Akachungulia maji ya radieta, kama yamechanganyika na mafuta. Mwisho akasema, “Twende mlimani.”

Butembo iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya juu ni nyepesi. Injini isiyo na taba ya kusukuma hewa hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za kupanda. Basi mtu asiseme kwamba injini imekufa kwa sababu tu yapanda polepole. Wala asinunue gari alilolijaribu mahali pa tambarare tu. Kamioneti ile ilipanda na watu wanane, ikilalamika kidogo kama mzee anayepanda ngazi za kanisa, lakini haikusimama.

Mwenye kuuza aliiondoa mwenyewe ile fedha aliyokuwa ameiongeza. Hakuombwa mara mbili. “Mama zangu,” akasema, “nilisema nilichokijua. Sasa najua zaidi.” Wakapeana mikono, karatasi zikaandikwa mbele ya mashahidi, na namba zote mbili, ya shasi na ya injini, zikatiwa katika mkataba.

MASHAURI KWA WANUNUZI NA WAUZAJI

Kwa wanaonunua: kwanza, isome sahani, uielewe kila herufi. Pili, uilinganishe na namba ya shasi. Tatu, soma namba ya injini juu ya chuma chenyewe, si katika karatasi tu, na utazame kama mahali pale pamesagwa. Nne, uliza miaka. Tano, tazama vishikio, matundu na mabomba. Sita, tafuta watu wa nyumba ile, hasa wazee, uwaulize kwa heshima. Mashahidi wakipatana wote, waweza kuamini. Mmoja akipingana na wengine, usikasirike wala usimwite mtu mwizi, uliza tena. Na fanya hayo yote mchana, na fundi asiyekuwa na fungu katika bei.

Kwa wanaouza: Amri ya saba yatukataza kuchukua kwa hila mali ya mwenzetu, na Amri ya nane yatukataza kusema lisilo kweli. Katika biashara amri hizo mbili hutembea pamoja kama magurudumu mawili ya mbele. Kubadilisha injini si dhambi. Ni akili na bidii. Dhambi ni kuuza neno ambalo huna hakika nalo, na kulitoza fedha. Ikiwa hujui, sema “Sijui”. Neno hilo halijapata kumfukarisha mtu. Na ukibadilisha kipande kikubwa katika gari lako, tunza stakabadhi yake, ili watoto wako wasije wakasema uongo bila kujua.

Kwa ninyi wanafunzi: yule kijana mwenye tochi aliona mapema kuliko sisi sote kwamba sahani na injini havipatani, kwa sababu alisoma alichokiona, hakusoma alichoambiwa. Jitahidini kuwa na macho kama hayo, katika ufundi na katika mambo yote.

Kamioneti hiyo sasa yafanya kazi Butembo. Siku za soko yabeba kabichi, na mara mbili imekwisha kumfikisha mama mjamzito hospitalini kabla ya kupambazuka. Akina mama wameandika kwa rangi nyeupe, upande wa ndani wa kifuniko cha injini, mahali ambapo fundi tu ndiye atakayesoma: “2H, mwaka 1986.” Yeyote atakayeinunua kwao siku za mbele hatakuwa na haja ya kuuliza.